Adui Aliyefufuliwa

James Sullivan alifariki Septemba 1914. Alikuwa bwana mkubwa wa michezo ya ridhaa nchini Marekani, na alishikilia kwamba mashindano ya hadhara hayamfai mwanamke. Siku anazikwa, Gertrude “Trudy” Ederle, binti wa mwenye bucha wa Manhattan, alikuwa hajatimiza miaka tisa. Lakini katika Young Woman and the Sea, filamu ya Disney ya mwaka 2024 inayosimulia maisha ya Ederle, Sullivan yuko hai katikati ya miaka ya 1920, na ndiye ambaye msichana anapaswa kumwangukia ili apate fedha za kwenda kuvuka Mlangobahari wa Uingereza kwa kuogelea.

Wenye filamu walimfukua marehemu ili shujaa wao apate wa kumshinda.

Waliotazama hawakujali sana. Filamu imependwa, na hakuna sababu ya kuwaonea gere waliotoa machozi. Daisy Ridley anaogelea mwenyewe, baridi inaonekana usoni, na muongozaji Joachim Rønning anajua kuifanya bahari itishe. Hukumu iliyoenea ni kwamba maelezo yamebadilishwa hapa na pale lakini roho ya kisa imebaki: msichana mmoja, nusu kiziwi, maskini, aliyezungukwa na wanaume wasiomtaka, aliishinda bahari kwa moyo wake mgumu. Hivyo ndivyo kisa cha Ederle kilivyokuwa kikisimuliwa hata kabla ya filamu, katika vitabu vya watoto na makala za kila Siku ya Wanawake. Filamu imekikoleza chumvi tu.

Shida iko kwenye hiyo roho yenyewe. Kasoro za tarehe zinasameheka. Kisichosameheka ni kwamba karibu kila badiliko lililofanywa linakwenda upande mmoja: linaondoa kile ambacho wanawake walikuwa wamekwisha kukijenga pamoja, halafu linaweka mahali pake chuki ya mwanamume mmoja na ujasiri wa msichana mmoja. Mtazamaji anatoka ukumbini akimpenda Trudy, na hajui ni kitu gani hasa kilichomfikisha Uingereza.

Tuanze na kifo cha Sullivan, maana kilikuwa na matokeo. Mwaka 1912, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuogelea katika Olimpiki, huko Stockholm, Marekani haikupeleka mwogeleaji hata mmoja wa kike. Msimamo wa Sullivan ulikuwa unajulikana. Dhahabu ya mita 100 ilichukuliwa na Fanny Durack wa Australia. Sullivan alipofariki, chama chake cha michezo ya ridhaa kilibadilika haraka: kabla mwaka 1914 haujaisha, kilikubali kuwasajili wanawake katika kuogelea. Aliyekuwa akiusukuma mlango huo kwa miaka ni Charlotte Epstein, karani wa mahakama aliyeandika hati mkato kutwa nzima na kuogelea jioni. Mwaka 1917 Epstein na wenzake, wengi wao wanawake wenye ajira zao waliotaka mahali pa kunyoosha viungo baada ya kazi, walianzisha Chama cha Kuogelea cha Wanawake cha New York. Walikodi mabwawa madogo na walichangishana ada. Walifanya hata mashindano ya kuogelea ya kudai haki ya kupiga kura, haki ambayo katiba ya Marekani iliwapa wanawake mwaka 1920.

Mwaka huohuo wa 1920 Epstein alisafiri na timu ya wanawake hadi Antwerp. Mwanachama wake, Ethelda Bleibtrey, alishinda mbio zote tatu za kuogelea zilizokuwa wazi kwa wanawake. Ni Bleibtrey yuleyule ambaye mwaka mmoja nyuma alikamatwa na polisi katika ufukwe wa Manhattan Beach kwa kosa la kuvua soksi ndefu kabla ya kuingia majini. Aileen Riggin, mtoto wa miaka 14, alirudi na dhahabu ya kupiga mbizi kutoka ubao wa kunesa.

Hayo yote yalitokea Trudy akiwa bado binti mdogo anayejifunza kupumua vizuri majini. Mlango uliokuwa umefungwa na Sullivan ulikuwa wazi kwa miaka kadhaa, na waliopita walikuwa wamerudi na medali. Filamu imemrudisha mlinzi ili Trudy aonekane ndiye wa kwanza kuusukuma.

Hapa watetezi wa filamu hujibu kwamba Epstein amewekwa. Hata ana mwigizaji mzuri, Sian Clifford. Ni kweli, yupo. Ni mwalimu mkali mwenye bwawa, mtu wa kumtia moyo shujaa na kumwambia asimame wima. Hatumwoni mratibu, mwanasiasa wa michezo, mtu aliyekaa na kamati za wanaume akiwabana kwa kanuni zao wenyewe mpaka wakachoka. Na mwenzake hayupo kabisa. Louis de Breda Handley, mzaliwa wa Roma aliyeshinda dhahabu mbili katika Olimpiki ya 1904, alikuwa kocha wa chama hicho na hakulipwa senti. Yeye ndiye aliyewafundisha wasichana wa Epstein mtindo wa kroli wa Kimarekani, ule wa kulaza mwili juu ya maji, kuzungusha mikono kwa zamu na kupiga miguu mfululizo.

Mtindo huo ndio kiini cha jambo zima. Matthew Webb, mtu wa kwanza kuvuka Mlangobahari bila msaada, mwaka 1875, aliogelea kwa mtindo wa chura na akatumia saa 21 na dakika 45. Wataalamu wa masafa marefu waliamini kwamba kroli ni ya bwawani, ya mbio za dakika chache. Baharini ingemmaliza mtu nguvu kabla ya adhuhuri. Wasichana wa Handley walikuwa wakiipinga imani hiyo kila wiki, kwa saa ya kupimia mbio. Mwaka 1922, katika mbio moja ya mita 500 huko Brighton Beach, New York, Ederle alivunja rekodi saba za masafa mbalimbali njiani kabla ya kugusa ukingo. Alikuwa na miaka 16.

Sasa Paris, 1924. Filamu inaipitisha Olimpiki hiyo kama fedheha: wasichana wamefungiwa melini, hawajafanya mazoezi, wanafika wakiwa wamekakamaa na wanarudi vichwa chini. Kocha wao mle ni Jabez Wolffe, ambaye katika maisha ya kweli hakuwahi kuwa kocha wa timu hiyo. Kuna chembe ya kweli: waogeleaji wa kike wa Marekani walipangiwa malazi mbali na jiji na walipoteza saa nyingi barabarani, na Ederle mwenyewe, aliyetarajiwa kushinda dhahabu tatu, alihuzunika kupata moja. Lakini tazama ubao wa matokeo. Mita 100: Ethel Lackie, Mariechen Wehselau, Gertrude Ederle. Mita 400: Martha Norelius, Helen Wainwright, Gertrude Ederle. Nafasi zote tatu za kila mbio zilikwenda Marekani. Katika mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, Ederle, Lackie, Wehselau na Euphrasia Donnelly walishinda dhahabu kwa rekodi ya dunia. Kama hiyo ni fedheha, mataifa mengine yote yangeomba yafedheheke namna hiyo.

Kwa nini ifichwe? Kwa sababu kanuni ya filamu za aina hii inamtaka shujaa aanguke kwanza. Msichana aliyetoka katika timu bora kuliko zote duniani, mwenye medali ya dhahabu na rekodi lukuki, akifundishwa na kocha bora wa zama zake, hawezi kuuzwa kama mnyonge. Basi anapokonywa mali yake ili ahurumiwe. Ajabu ni kwamba wanaomfanyia hivyo ni watu wanaodai kumrudishia heshima aliyonyimwa.

Na hata huzuni yake ya Paris ina maana tofauti ukiitazama akiwa katikati ya wenzake. Aliyemshinda katika mita 400, Norelius, alitoka chama kilekile. Wainwright vilevile. Trudy alipata shaba kwa kushindwa na wanawake walioshiriki naye kocha na bwawa. Hicho ndicho kipimo cha kazi ya Epstein: ndani ya miaka saba chama cha makarani na wanafunzi kilikuwa kimezalisha waogeleaji wengi wa daraja la dunia kiasi kwamba walikuwa wakizuiana wenyewe kwa wenyewe kupanda jukwaa la juu.

Baada ya hapo hadithi ya kweli inaendelea kukataa upweke. Wazo la kumpeleka mwanamke Mlangobahari halikuzaliwa katika ndoto ya Trudy usiku. Mwaka 1925 chama kilipanga kuwagharimia waogeleaji wawili, Wainwright na Ederle. Wainwright aliumia, akajitoa, Ederle akaenda. Kabla ya safari, mwezi Juni, aliogelea kutoka Battery, ncha ya kusini ya Manhattan, hadi Sandy Hook huko New Jersey, kilomita 35 hivi, kwa saa 7 na dakika 11. Muda huo ulikuwa mfupi kuliko wa mwanamume yeyote aliyewahi kuogelea njia hiyo, na ulidumu kwa miongo minane. Hakwenda Ufaransa kubahatisha.

Ndipo anapoingia Wolffe wa kweli. Alikuwa Mskoti aliyejaribu Mlangobahari mara 22 na kushindwa mara zote, mara nyingine akiwa ameshaiona pwani kwa macho. Aliajiriwa kumwongoza Trudy. Tarehe 18 Agosti 1925, baada ya saa nane na ushei majini, Wolffe alimwamuru Ishak Helmy, mwogeleaji wa Misri aliyekuwa akimsindikiza, amtoe. Kanuni ni kali: akiguswa, amekwisha. Trudy alisema hakuwa anazama, alikuwa amelala kifudifudi anapumzika. Wolffe alisema anazama. Walibaki hivyo.

Filamu haikuridhika. Ikampa Wolffe dawa ya kumtilia msichana kwenye kinywaji. Ni kweli tuhuma za namna hiyo zilinong'onwa baadaye, lakini hakuna aliyezithibitisha. Na hata tukiacha haki ya marehemu kusingiziwa, badiliko hilo linaharibu hoja ya filamu yenyewe. Mtu anayetia sumu ni mhalifu. Ukimkamata, shida imeisha. Wolffe wa historia hakuhitaji sumu. Aliona mwanamke ametulia majini, na kwa yote aliyoyaamini kuhusu miili ya wanawake, akahitimisha kwamba ameshindwa. Huenda alidhani anamwokoa. Ubaguzi wa aina hiyo, unaotenda kwa nia njema na saa mkononi, ndio uliowazuia wanawake wengi zaidi kuliko hila za waovu wachache, na ndio ambao bado unakaa kwenye kamati na meza za madaktari wa michezo. Filamu iliupata ukiwa mzima mikononi mwake, ikaubadilisha kwa kijichupa.

Kinachofuata katika filamu ni cha kusisimua: Trudy anatoroka kwenye meli inayomrudisha nyumbani, anarudi ufukweni, na baada ya siku chache yumo majini tena. Mwaka mzima umebanwa ukawa wiki. Ndani ya mwaka huo uliopotea mna sehemu ya kisa ambayo msichana yeyote mwenye ndoto kama yake angefaidika kuijua.

Trudy alirudi New York akatafuta fedha. Safari hii hazikutoka chamani. Zilitoka kwa wamiliki wa Chicago Tribune na Daily News ya New York, waliomlipa gharama na mshahara ili habari zake ziwe zao peke yao. Kuchukua fedha hizo kulimaanisha kuacha ridhaa moja kwa moja, yaani kufunga mlango wa Olimpiki nyingine. Ulikuwa uamuzi mzito wa binti wa miaka 20, nao ulifanyika mezani, kwa kalamu. Magazeti yalimwajiri Julia Harpman, mwandishi hodari wa habari za uhalifu, aambatane naye. Kocha mpya akawa Thomas William Burgess, mtu wa pili kuvuka Mlangobahari, mwaka 1911, aliyeijua mikondo ya pale kuliko karibu yeyote aliyekuwa hai.

Halafu kuna dada yake, Meg. Vazi la kuogelea la wakati ule lilikuwa la sufu, pana, lenye kunywa maji na kuchubua ngozi. Meg na Trudy walikata hariri wakashona vazi la vipande viwili, la kukaa mwilini. Miwani ilikuwa inavuja. Wakaiziba kingo kwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Juu ya ngozi yakaja mafuta ya zeituni, kisha matabaka ya mafuta mazito ya sufu ya kondoo na ya nguruwe ili kuzuia baridi na viwavi wa baharini. Filamu inamwonyesha Meg kwa mapenzi makubwa, na hapo inastahili pongezi, ingawa haijamaliza deni: Meg alikuwa fundi na mshauri, na siku ya safari alikuwa mwenye sauti.

Siku yenyewe ilikuwa 6 Agosti 1926. Saa moja na dakika chache asubuhi Trudy aliingia majini huko Cap Gris-Nez, Ufaransa. Kutoka hapo hadi pwani ya Uingereza ni kilomita 34 hivi kwa ndege, lakini hakuna mwogeleaji anayevuka kama ndege. Maji ya Mlangobahari hujaa na kupwa kwa nguvu, na mkondo hugeuka kila baada ya saa sita hivi, ukimbeba mtu kaskazini kisha kusini. Anayeondoka saa mbaya anaweza kuogelea saa nzima akiitazama nchi kavu ikikaa palepale. Inakadiriwa kwamba Trudy aliogelea kilomita 56 siku hiyo. Katika meli ndogo iitwayo Alsace walikuwamo baba yake, Meg, Burgess, Harpman na Helmy, yuleyule wa mwaka uliotangulia. Walimwimbia. Walimteremshia mchuzi wa kuku bila kumgusa. Helmy na wengine walijitosa kwa zamu waogelee kando yake, asiwe peke yake. Nyuma ikaja meli ya pili imejaa waandishi na wapiga picha wa magazeti shindani, ikapandisha mawimbi yake juu ya mawimbi ya bahari, na ugomvi wa kelele ukazuka kati ya vyombo viwili.

Jioni hali ya hewa iliharibika. Kulikuwa na waliotaka atolewe, Burgess akiwa mmoja wao. Baba na dada walikataa asiguswe mpaka aombe mwenyewe. Alipoitwa kutoka melini atoke, aliuliza atoke kwa sababu gani, akaendelea kupiga kroli. Saa tatu na ushei usiku alisimama kwa miguu yake kwenye changarawe za Kingsdown, Kent, watu wakiwa wamewasha mioto ufukweni. Ofisa wa uhamiaji wa Uingereza, kwa ustaarabu wa kazi yake, alimwomba pasipoti.

Alikuwa ametumia saa 14 na nusu hivi. Wanaume watano tu walikuwa wamevuka kabla yake, na aliyekuwa na kasi kuliko wote, Enrique Tiraboschi, alitumia saa 16 na dakika 33.

Linganisha na filamu. Pale kilele ni giza ambamo meli haiwezi tena kumfuata, na Trudy amebaki na bahari, hana mtu. Picha ni nzuri mno. Lakini jambo la kushangaza zaidi katika safari ile lilikuwa kinyume chake. Hali mbaya ilipofika, wakati kocha mwenye uzoefu kuliko wote alikuwa tayari kukata tamaa, palikuwa na watu chomboni waliojifunza kutokana na Agosti ya 1925 na waliokataa kosa lile lisirudiwe. Safari hii uamuzi wa kuendelea au kuacha uliachwa mikononi mwa mwanamke aliyekuwa majini. Drama ya kutosha ilikuwapo mle, kwenye sitaha iliyojaa watu wanaobishana huku mvua ikiwapiga.

Kuna wanaosema kwamba filamu si somo la historia, na kwamba kila kisa kikiwekwa skrini hubanwa. Hoja hii ni nzuri mpaka uitumie kwa uangalifu. Filamu hii hii ina badiliko moja ambalo halifai kulalamikiwa. Mwaka 1904 meli General Slocum iliungua katika mto East River, New York, na watu zaidi ya elfu moja walikufa, wengi wao wanawake na watoto wa jamii ya wahamiaji wa Kijerumani, hatua chache kutoka nchi kavu, wengi kwa sababu hawakujua kuogelea. Filamu inausogeza moto huo mbele na kuufanya sehemu ya utoto wa Trudy, ambaye kwa kweli alizaliwa mwaka uliofuata. Tarehe ni ya uongo, ila sababu ni ya kweli: wazazi wa Ederle walitoka katika jamii ileile, na vuguvugu la kuwafundisha wasichana kuogelea lilibeba kumbukumbu ya maiti wale. Hapo mtunzi amepindisha kalenda ili mtazamaji aone chanzo. Kwa Sullivan, Wolffe na Paris amepindisha kalenda ili chanzo kisionekane. Tofauti hiyo haihitaji profesa wa historia kuieleza.

Wengine wanasema wasichana wanahitaji kutiwa moyo, na kisa cha msichana mmoja jasiri kinatia moyo kuliko kisa cha chama chenye katibu na mweka hazina. Hebu tumfikirie msichana huyo. Ametoka kutazama filamu na moyo unamdunda. Ameambiwa kwamba kilichomvusha Trudy ni kutokata tamaa. Asubuhi hana bwawa, hana kocha, hana nauli, na mkanda wa dakika zaidi ya 120 haujamwambia kwamba Trudy alivipata vyote hivyo kwa sababu kundi la wanawake wenye mishahara midogo walikodi chumba chenye maji na kuweka daftari la ada. Akishindwa, kwa mujibu wa filamu, atakuwa na mtu mmoja wa kulaumiwa, naye ni yeye.

Kisa cha msichana mpweke kina madhara mengine, nayo yalianza Agosti ileile ya 1926. Kama Trudy ni muujiza, basi wanawake wengine wanabaki walivyokuwa. Ndiyo maana baadhi ya magazeti ya Uingereza yalikimbilia kudai kwamba meli zilimkinga na mawimbi, na mengine yakamwita wa kipekee. Lakini tarehe 28 Agosti, siku moja baada ya New York kumpokea Trudy kwa maandamano ya watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili, Amelia Gade Corson, Mdenmaki aliyehamia Marekani na mama wa watoto wawili, alivuka kwa saa 15 na nusu hivi. Naye alikuwa na kasi kuliko wanaume wote watano wa mwanzo. Siku mbili baadaye Mjerumani Ernst Vierkötter aliishusha rekodi hadi chini ya saa 13. Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, mpiga chapa wa London, akawa Mwingereza wa kwanza wa kike. Yeye pia amepata filamu yake, Vindication Swim, iliyotoka mwaka huohuo wa 2024. Mwaka 1950 Florence Chadwick aliivunja rekodi ya wanawake ya Trudy. Alison Streeter alivuka mara 43 katika maisha yake. Na Septemba 2019 Sarah Thomas wa Colorado, mwaka mmoja baada ya matibabu ya saratani ya matiti, alivuka Mlangobahari mara nne mfululizo bila kupumzika nchi kavu, kwa saa 54 na dakika 10. Hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Mstari huu ni mrefu mno kuwa wa miujiza.

Filamu inaishia kwenye maandamano, karatasi zikinyesha kutoka madirishani. Inaeleweka, hakuna mtayarishaji anayetaka kulipia yaliyofuata. Trudy alikuwa amekawia Ulaya wiki kadhaa kumsalimia bibi yake Ujerumani, wakili wake akazichezea ofa za fedha mpaka nyingi zikayeyuka, na Gade Corson alipovuka bei ilishuka zaidi. Alizunguka majukwaa ya burudani akiogelea ndani ya tangi la maonyesho, akacheza nafasi yake mwenyewe katika filamu ya mwaka 1927, afya ikamchoka. Usikivu uliokuwa umedhoofishwa na surua utotoni ukaharibika zaidi. Mwaka 1933 alianguka kwenye ngazi akaumia vibaya uti wa mgongo. Madaktari walitia shaka kama angetembea vizuri tena. Mwaka 1939 alikuwa anaogelea mbele ya umati katika Maonyesho ya Dunia ya New York. Baadaye aliwafundisha watoto viziwi kuogelea. Alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 98.

Kwa miaka mingi, basi, mwanamke aliyefunzwa bwawani na watu waliojitolea alikuwa naye anafundisha wengine. Hilo halikuonekana kufaa kwa skrini. Kilichofaa ni Sullivan, mzima wa afya, akikunja uso.

Kuhusu Epstein, wanaotafuta drama hawakuhitaji kubuni. Alisafiri na timu za wanawake katika Olimpiki tatu, 1920, 1924 na 1932, na wasichana wa chama chake walivunja rekodi za dunia kwa makumi. Mwaka 1936 mwanamke huyu wa Kiyahudi, ambaye nusu ya maisha yake ilikwenda katika kuhakikisha Wamarekani wa kike wanafika Olimpiki, alikataa kushiriki Michezo ya Berlin kwa kupinga utawala wa Hitler. Alifariki miaka miwili baadaye, akiwa bado kiongozi wa chama alichokianzisha. Hakuna filamu inayomhusu yeye.